Mnyororo wa Papa Kabamba

Bruxelles, Saint-Josse, mwezi wa Aprili

Kwako Yaya Lucienne, dada na mama wa sisi tuliobaki,

Nakusalimu katika Bwana, nikiomba barua hii ikukute umeketi barazani, miguu haijavimba na presha imekubali kukaa mahali pake. Wajukuu hawajambo? Shemeji je, bado anabishana na redio? Msalimu sana, umwambie redio haijawahi kushindwa ubishi. Huku kwetu baridi imeanza kulegea, ila mvua bado inanyesha kila ikijisikia. Mimi mwili ni mzima. Ninakula, ninalala kidogo, na magoti yananisumbua kama unavyojua.

Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Usikasirike, yaya, unajua ni kweli: nikianza sentensi wewe unaimalizia, tena unaimalizia vizuri kuliko ilivyokuwa. Rafiki yetu Patient anasafiri Lubumbashi wiki hii na amekubali kubeba barua hii mfukoni, pamoja na dawa zako. Isome ukiwa peke yako. Uisome mpaka sahihi yangu, kabla hujamwita mtu yeyote na kabla hujapiga yowe.

Umeniuliza mara nyingi papa, mwanao, alivyoanguka kwa pikipiki. Umetaka kujua kama alikuwa anakwenda mbio, kama barabara ilikuwa na barafu, kama alivaa kofia, na kwa nini mimi niliyekabidhiwa mtoto wa watu sikumlinda. Kila mara nilikujibu kwamba tutazungumza. Leo ndiyo tunazungumza, na itabidi nianzie Novemba, maana jambo hili halikuzaliwa siku moja.

Kazi yangu unaijua. Wenye pikipiki za zamani huku huziendesha wakati wa jua tu. Ikifika Novemba wanazileta gereji ya Mzee Frans, kule nyuma ya ua, na sisi tunazifungua zote mpaka zibaki mifupa. Baridi yote tunakula kutu na msasa. Tunaosha kabureta, tunasuka spoki upya, tunapaka tangi rangi tabaka juu ya tabaka, na Machi ikifika wenyewe wanakuja kuzichukua. Mzee Frans amepita miaka themanini, lakini ujana wake aliumalizia Likasi, na Kiswahili chetu bado anacho chote, pamoja na matusi.

Siku ya kwanza ulipomtuma mwanao Kabamba kwangu, Mzee Frans alinivuta pembeni akauliza kwa nini mimi, mtu mzima mwenye mvi, ninamwita kijana yule papa. Nikamweleza. Nikamwambia baba yetu Kabamba alipokufa, dada yangu alikuwa mjamzito. Mtoto alipotoka, shangazi wakatazama masikio yake wakasema huyu amerudi. Akapewa jina la babu yake, na toka siku hiyo sisi sote tukamwita papa, hata mama yake aliyemzaa. Mzee Frans akasema anaijua desturi hiyo. Halafu akauliza, kama mnamwita papa, nani alimchapa alipokuwa mdogo? Nilicheka sana. Nikamjibu kwamba baba hachapwi.

Siwezi kumnyima papa haki yake: ana mikono yenye akili. Anasikia injini inalalamika wapi kabla mimi sijainama. Miaka hii minne tumefanya kazi pamoja kama kidole na kucha, na mara nyingi nilijivuna mbele ya watu pale Matonge, nikisema mpwa wangu ndiye fundi, mimi ni mshika taa.

Basi Novemba akaja mama mmoja wa Uccle, anaitwa Marieke, mwanamke mpole, na gari la kukokota nyuma. Baba yake amefariki, na ndani ya kibanda cha bustani amekuta pikipiki chini ya magunia. Tulipofunua magunia, yaya, nilikaa juu ya ndoo. Ilikuwa Saroléa ile ile. Tangi jeusi lenye mstari wa dhahabu, kiti cha springi, ile taa kubwa ya mbele. Kutu ilikuwa imeila nusu na panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti, lakini ilikuwa ndiyo yenyewe, kama ile baba aliyonunua kwa yule mzungu aliyeondoka Likasi kwa haraka.

Nikamwita papa. Nikamwambia kwa furaha, "Papa, njoo uone pikipiki yako!" Nikaanza kumsimulia, na unajua sisi tunavyomsimulia, hatusemi babu yako alifanya hivi, tunasema wewe ulifanya hivi. Nikamwambia, ulikuwa unaipangusa kwa shati lako la Jumapili. Ulikuwa ukikata kona ya kanisa, sisi watoto tunatawanyika kama kuku. Ulikuwa na mnyororo wake wa zamani, umeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukiingia unauchukua, unauzungusha kwenye ngumi taratibu, halafu unauliza kwa sauti ndogo, "Nani ameanza?" Nikamwigizia kabisa, yaya. Nilichukua mnyororo mkuukuu pale gereji nikauzungusha kwenye ngumi yangu, nikatoa ile sauti. Papa alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikacheka. Ndivyo tulivyocheka kwako kila Noeli, wewe ukiwa wa kwanza. Mzee Frans peke yake hakucheka, akarudi kwenye jiko lake la kuni.

Tukamwahidi papa kwamba injini ikipona yeye ndiye atakayepiga kiki ya kwanza. Akaipenda pikipiki ile kuliko kitu chochote. Wewe mwenyewe ulimwomba picha zake.

Desemba tulikuwa tunafungua silinda. Bolti moja ilikuwa imeganda. Kazi ya bolti iliyoganda ni uvumilivu: unapaka mafuta, unapasha moto, unaiacha, unarudi kesho. Papa alirudi siku mbili, tatu, bolti haikusogea. Siku iliyofuata akachukua nyundo kubwa. Nilidhani anataka kuigonga kidogo kichwani. Aliipiga injini ile kama mtu anayeua nyoka. Akavunja mapezi ya silinda, yale mabamba ya kupozea injini, vipande vikaruka mpaka kwenye dirisha, na aliendelea kupiga hata baada ya bolti kukatika, huku akiitukana tusi la kumtukania mwanamke. Alipomaliza, akaweka nyundo chini, akajipangusa jasho, akaomba kahawa. Mimi nikaokota vipande sakafuni nikamwambia, pole, papa. Mzee Frans alitumia wiki nzima kuyaunga mapezi yale kwa moto.

Januari dereva mmoja wa vifurushi aliziba mlango wa ua kwa gari lake. Papa alimwomba asogee. Yule akasema dakika moja. Papa akaingiza mkono dirishani, akamshika kola, akaipigiza sura yake kwenye ukingo wa mlango mpaka miwani ikavunjikia usoni. Nilimtoa yule dereva mikononi mwake kwa maneno ya kubembeleza, nikamfuta damu kwa matambara yetu, nikamsihi asiite polisi, nikamwambia mpwa wangu ana msiba. Msiba gani? Nilijitungia tu. Mzee Frans alinisubiri kwenye jiko akasema, "Ghislain, ule hapana baba yako. Ule ni mutoto, na hakuna mutu mwenye kumwambia." Nikamkasirikia. Nikasema moyoni, Mzungu anajua nini kuhusu majina yetu.

Sasa, yaya, kuhusu Anaïs, mke wa papa. Unamjua kwa picha na kwa sauti, na kwa ajili ya tumbo lake umeshaanza kushona. Lakini hujakaa naye. Ni msichana mwenye maneno mengi na vicheko, anasuka nywele pale Galerie d'Ixelles, na wateja wanamngoja yeye hata wasusi wengine wakiwa wamekaa bure. Mwezi wa pili alikuja gereji na kifundo cha mkono kimefungwa bandeji. Akasema ameteleza kwenye barafu, ngazi za nje. Barafu haikuwepo wiki ile. Nilimwambia pole, mwanangu, angalia unapokanyaga.

Siku chache baadaye akaniita saluni. Akanipeleka nyuma ya pazia, pale wanapochemshia maji, akavua kitambaa cha kichwa. Juu ya sikio kulikuwa na mahali pasipo nywele, ngozi imevimba, nyekundu, bado mbichi. Mtu mwenye kusuka vichwa vya watu wote, yaya, na chake kimeng'olewa. Akaniita mjomba kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie, "Tonton, ni weye tu njo anakusikiaka. Umusemeshe, tafadhali. Juu ya mutoto."

Nilimjibu nini? Nilimjibu yale yale ambayo kina mama wa kanisa walikuwa wakimjibu Mama yetu jikoni, wakiwa wameshika bakuli za supu. Nilimwambia vumilia. Nilimwambia mume wako amebeba jina zito, jina lina hasira yake, akizeeka litatulia. Alinitazama kwa muda, akafunga kitambaa chake, akarudi kwa mteja. Mpaka leo nikikumbuka alivyonitazama nasikia aibu ya kutaka kujificha.

Hata hivyo nilikwenda kusema na papa, na namna nilivyokwenda ndiyo inayoniuma zaidi. Mjomba wa watu wengine angemshika mpwa wake sikio. Mimi nilipiga goti mbele yake pale gereji, kwenye mafuta, nikapiga makofi ya heshima kama tulivyofundishwa, nikamwambia, papa, sisi watoto wako tunakuomba, tuliza mkono. Kijana niliyembeba mgongoni! Yeye alikuwa anasafisha plagi. Akanipiga bega polepole akasema, "Bon, mutoto yangu, nimesikia. Simama, utachafula suruali." Akaendelea kupuliza plagi yake. Nikasimama nimeridhika, yaya. Nilifikiri tumefaulu.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nilikuwa najua methali ile tangu darasa la tatu. Nilikuwa nasema ni ya watoto wa watu.

Machi ikafika na Saroléa ikapona. Usingeamini ungeiona. Tangi unajiona uso, mstari wa dhahabu umechorwa kwa mkono wa Mzee Frans asiyetetemeka hata na umri ule, spoki zote mpya. Jumamosi mchana Marieke akaja kuchukua pikipiki ya baba yake. Akaja na maua, sijui kwa nani, labda kwa pikipiki. Anaïs naye alikuja na sufuria ya bukari na samaki, maana papa alikuwa amemwagiza chakula cha kusherehekea. Tumbo lake lilikuwa limeshajitokeza ndani ya koti. Tulisimama wote uani, kwenye mlango mpana wa gereji, tukamwachia papa nafasi.

Papa akapiga kiki. Injini ikashika.

Yaya, sikuwa nimeisikia sauti ile tangu Likasi. Nimetengeneza pikipiki maisha yangu yote, zote zinanguruma, lakini sauti ile ni moja tu, ule mdundo mzito, tuku, tuku, tuku, unausikia kifuani kabla ya masikio. Wote walipiga makofi. Mimi nilipozinduka nilijikuta nimesimama nyuma ya kabati la rangi, mgongo ukutani, mikono imeziba kichwa. Sijui nilifikaje pale. Mzee wa miaka hamsini na tano! Nilikuwa nasubiri sauti yako iniambie niingie chini ya kitanda.

Kisha injini ikazima. Papa akapiga kiki tena, na safari hii mguu haukuwa umekaa vizuri. Pikipiki hizi ukizikosea, kiki inarudi juu kwa nguvu za injini yote. Ilimpiga muundi wa mguu nusura imvunje, akaangukia goti moja mbele ya Marieke na maua yake. Anaïs akasema, "Doucement, chéri," taratibu mpenzi, na kicheko kidogo kikamtoka. Hakikuwa cha dharau. Nakijua kicheko kile, Mama alikuwa nacho, kinatoka chenyewe mtu akiwa na hofu.

Papa akanyanyuka. Akachechemea mpaka ndani, akaenda kwenye msumari tunapotundika minyororo mikuukuu, akachukua mmoja. Akauzungusha kwenye ngumi taratibu. Akarudi uani, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amecheka?"

Nani alimfundisha, yaya? Hakumwona babu yake hata siku moja. Baba alikuwa kaburini miezi kadhaa kabla huyu hajanyonya. Watu watasema jina, watasema damu, watasema amerudi. Hakurudi mtu. Ni mimi niliyemfundisha, kwenye gereji ile ile, kwa mnyororo ule ule, huku nikicheka.

Anaïs aligeuka ili mgongo ulinde tumbo. Pigo la kwanza lilimpata begani, nikasikia koti likichanika na yeye akitoa pumzi tu, bila kupiga kelele. Sufuria ikaanguka. Marieke alipiga kelele kwa lugha yao. Papa akainua mkono tena.

Na hapa ndipo penye jibu la swali lako. Mwanao hakuanguka kwa pikipiki. Mimi, Ghislain, mdogo wako wa tumbo moja, nilichukua spana kubwa kutoka juu ya meza ya mlangoni nikampiga nayo mkono uliokuwa hewani. Nikasikia mfupa ukivunjika. Akaanguka chini. Kama ningeishia hapo, ningekuandikia kwamba nilimwokoa mwanamke mjamzito, na ungenishukuru huku ukilia. Lakini sikuishia hapo. Alikuwa amelala chini, mnyororo umemtoka, mkono umefunguka juu ya sementi, hawezi tena kumdhuru mtu. Nikapiga goti, goti la pili kwake mwaka huu, nikamponda ule mkono kwa spana. Nikaponda tena. Aliniita tonton, akaniambia basi, nikaendelea. Mzee Frans alinishika nikamsukuma akaangukia jiko lililo kando ya mlango, na mkono wake mpaka sasa una lengelenge la moto. Aliyenizuia ni Anaïs. Yeye mwenye bega lililochanika ndiye aliyenikumbatia kutoka nyuma akasema, "Tonton, inatosha, inatosha."

Sikuwa najua kama nilikuwa nasema kitu. Mzee Frans, kwa kuwa anasikia Kiswahili, aliniambia baadaye. Anasema kila pigo nilikuwa napiga kelele maneno mawili tu: Mama hakuanguka, Mama hakuanguka.

Kumbuka, yaya. Taya la Mama: aliteleza bafuni. Meno ya Mama: alijikwaa kwenye ngazi za kanisa. Wewe mkono wako wa kushoto, ambao mpaka leo haunyooki ukianika nguo: ulianguka kwenye mwembe wa jirani, ndivyo tulivyomwambia mwalimu wako, na jirani hakuwa na mwembe. Tuliapa mbele ya watu. Kisha baba akafa, tukamlilia, tukachukua jina lake tukamvika mtoto mchanga, na kila Noeli tukakaa kuzunguka meza tukicheka habari za mnyororo. Nadhani tulicheka kwa sababu hatukujua kitu kingine cha kufanya nao.

Anaïs na mimba yake wako salama. Daktari amesikiliza moyo wa mtoto, unapiga vizuri. Amehamia mahali ambapo sikutajii, na sikutajii kwa sababu utampa mwanao, usinibishie, ungempa. Amepeleka mashtaka polisi, nami nilimsindikiza. Siku hiyo hiyo nikapanga foleni kwenye dirisha lile lile nikaeleza langu, la spana. Yule polisi kijana aliniuliza mara mbili kama nina uhakika ninataka aandike sehemu ya pili, ya mkono ulipokuwa chini. Nilisema andika. Tutaitwa mahakamani wote wawili, kila mtu kwa kosa lake, na nitakubali nitakachopewa. Marieke alirudi baada ya wiki kuchukua Saroléa. Nilisimama barabarani nikaisikiliza ikienda mpaka ikapotea kwenye kona, na safari hii sikujificha.

Mwanao yuko kwangu. Najua utashangaa. Alipotoka hospitali hakuwa na pa kwenda, kwa Anaïs amekatazwa kukaribia, nami ndiye ndugu yake pekee mjini hapa. Analala kitandani kwangu, mimi nalala kwenye kochi. Wamemtia vyuma mkononi. Vidole viwili havitakunjika tena, kwa hiyo kazi ya kusuka spoki imekwisha kwake. Namkatia nyama kwenye sahani. Namfunga vifungo vya shati asubuhi. Hatusemezani, ila anakula ninachompa. Usiku wa kwanza hospitalini, dawa ya maumivu ilipoisha nguvu, alilia akikuita wewe. Hakusema maman, hakusema Lucienne. Alilia akisema mama, mama, kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa kwenye kiti karibu naye na nilitamani aliyelia vile angekuwa na miaka minne, tuanze naye upya.

Wakati huu ninapoandika yuko dirishani, anatazama mvua. Anajua ninakuandikia. Hajaniomba msamaha wala mimi sijamwomba. Ameniomba kitu kimoja tu: nikuandikie kwamba alianguka. Alimwambia daktari hivyo, amekwambia wewe hivyo, na angetaka ibaki hivyo. Nimemjibu hapana. Nimemwambia kwetu hakuna mtu aliyewahi kuanguka.

Unaweza kunilaani, yaya, una haki. Nimemponda mwanao wa pekee. Ukitaka nisikanyage tena mlangoni kwako, mtume shemeji aniambie, yeye nitamsikia vizuri zaidi. Lakini kabla ya hilo, nakuomba jambo moja, na haliwezi kufanywa na mtu mwingine duniani, kwa kuwa jina lile ulilitoa wewe.

Ukimaliza barua hii, mpigie simu. Usimwite papa. Usimuulize mkono unaumaje. Mwite mwanangu. Nimejaribu kukumbuka toka alipozaliwa, nikatafuta kwenye kila sherehe na kila simu, sikumbuki hata mara moja umemwita hivyo. Mwite mwanangu, ungoje aitike. Akishaitika, mgombeze.

Nisalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na kina mama wa kwaya. Ukienda makaburini, palilia kwa Mama kwanza. Kwa baba nenda siku nyingine, au usiende.

Ni mimi mdogo wako, uliyenificha chini ya kitanda ukabaki nje peke yako,

Ghislain